Mzigo Hufungwa Kuanzia Kileleni

Ukisimama mjini Migori ukauliza njia ya mlimani, wengi watakuonyesha stendi ya magari ya Nairobi. Hawana kosa. Suna, eneo linalouzunguka mji huu, ni nchi ya miinuko ya wastani, ya mahindi, miwa na tumbaku, inayoteremka kidogo kidogo kuelekea Karungu hadi ikutane na ziwa. Theluji iko mbali nayo. Hata hivyo, katika kaunti hizi mbili za Migori na Homa Bay wapo watu wanaopanda milima, na miongoni mwao wapo wachache wanaoijua vizuri kazi isiyoonekana pichani: kufunga mzigo.

Mmoja wao ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Suna. Majirani humwita japuonj. Mimi humwita mwalimu. Likizo ikifika hukusanya vijana wachache, wanafunzi wake na wale waliokwisha kumaliza, akawapeleka vilimani karibu na nyumbani, na mara moja moja akawafikisha Mlima Kenya. Nimemtazama akifunga begi lake na akisimamia ya wengine. Anachofanya ni ufundi kamili, wenye kanuni na sababu zake, na mwenye haraka hawezi kuuona.

Sisi wengine hufunga mzigo kuanzia kabatini. Tunatoa tulicho nacho, tunakitazama, tunashindilia hadi zipu ikatae. Mwalimu huanzia kileleni. Kabla begi halijaguswa huwaketisha vijana akawauliza: "Ni saa kumi na mbili asubuhi. Uko Lenana. Mkono wako wa kulia unatafuta nini?"

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Vilele vya Mlima Kenya vinavyotajwa sana ni vitatu. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapandaji wa kamba. Lenana, mita 4,985, ndicho cha mtembea kwa miguu. Anayepitia njia ya Sirimon hulala kambi ya Shipton's, kwenye mita 4,200, akaamka usiku wa manane, akaanza kupanda mnamo saa tisa ili jua limkute juu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kijana aliyekulia Suna, kwenye mita 1,400 hivi, anakuwa ameachana na hali yake ya kawaida kwa nyuzi zaidi ya 20, na hapo upepo haujahesabiwa. Oksijeni anayoipata kwa kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Kichwa kinamgonga, vidole haviitiki, akili inakwenda kwa kusuasua. Mtu wa hali hiyo hapewi kazi ya kupekua begi. Kitu lazima kiwe pale mkono unapoangukia.

Basi vijana hujibu. Mmoja husema maji. Mwalimu humwuliza yako wapi, na yamewekwaje. Maji huanza kuganda kutoka juu, kwa hiyo chupa iliyosimama wima huziba mdomo kwa barafu huku chini mna maji tele. Chupa basi hubebwa kichwa chini, ndani ya soksi nzito ya sufu. Mwingine husema tochi. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, kwa hiyo betri za akiba hukaa mfuko wa ndani wa shati, karibu na ngozi. Mwingine husema chakula. Kisiwe cha kupika, kisiwe cha kukata, kisiwe cha kumlazimu mtu avue glovu. Jibu la Suna ni karanga zilizokaangwa na vipande vya sukari nguru, ndani ya mfuko wa kulia wa koti, kwa kuwa wa kushoto una kitambaa cha pua.

Kutoka hapo huteremka mlima pamoja, kwa maneno. Usiku ndani ya hema pale Shipton's: nani anahitaji nini? Alasiri, mvua imewakuta njiani juu ya kambi ya Old Moses: koti la mvua liko wapi? Mchana wa siku ya kwanza langoni Sirimon, jua la utosini. Usiku ndani ya basi. Nyumbani, mlangoni. Wakifika mlangoni orodha imekamilika, na kila kilichomo kina saa yake na mahali pake. Kisichokuwa na saa hakiendi. "Hii ni ya saa ngapi?" humwuliza kijana aliyeleta suruali ya tatu. Kijana akikosa saa ya kuitaja, suruali hurudi kabatini bila ugomvi.

Ufundi huu haukuanzia Mlima Kenya. Umekomaa hapa hapa, kwenye vilima ambavyo mgeni huvipita bila kuvitupia jicho. Got Asego, kilima kilichochongoka juu ya mji wa Homa Bay, hupandwa alfajiri na kushukwa kabla ya chai. Mlima Homa, mita 1,751, uko Karachuonyo, kwenye rasi inayoingia Ghuba ya Winam. Kwitutu ni kilele cha kisiwa cha Mfangano, na kukifikia sharti kwanza upande boti Mbita. Halafu kuna Milima ya Gwassi, mabaki ya volkano kubwa ya Kisingiri iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Gwassi inapita mita 2,200, na kwa kuwa ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi, mpandaji anayetoka ufukweni hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa miguu yake mwenyewe.

Kila mahali pamefundisha sehemu moja ya begi. Mfangano ilifundisha maji: wimbi moja la ubavuni hulowesha begi zima kabla mvua haijanyesha popote. Gwassi ilifundisha saa. Mchana upepo wa ziwani husukuma unyevu kuelekea bara, unyevu hukutana na joto la nchi kavu, na alasiri mawingu ya radi husimama juu ya vilima. Anayetaka kuwa ameshashuka saa nane lazima aondoke gizani, na anayeondoka gizani lazima awe amefunga mzigo jana.

Bonde la Lambwe lilifundisha rangi. Bonde hilo, lenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma na swala wake maarufu aitwaye korongo, ni makao ya mbung'o tangu zamani. Pembezoni mwa barabara utaona mitego yao imening'inizwa, vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu hizo ndizo rangi zinazowavuta. Kijana anayekuja na jezi ya buluu na suruali nyeusi amejigeuza mtego unaotembea. Mwalimu hutaka rangi za udongo, majani makavu, kijivu kilichofifia. Mgeni akimwona anachagua mashati kwa rangi atadhani ni mtu wa mitindo.

Vilima hivyo ndivyo pia vinavyotayarisha miguu. Wiki nyingi kabla ya safari kubwa, vijana hupanda Asego na dumu la maji la lita 10 ndani ya begi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mzigo unajulikana bila mizani. Wakifika juu hunywa, huwagawia wachunga mbuzi, mengine wakamwaga, wakashuka wepesi. Kupanda na mzigo hujenga mapaja na mapafu; kushuka nao huumiza magoti, na magoti ya kijana yanapaswa kumfaa hadi uzeeni.

Suna haina duka la vifaa vya mlima. Vifaa hutoka mitumba, katika soko la Migori au Kibuye kule Kisumu, na hapo nimemwona mwalimu akifanya kazi ambayo ningemtazama siku nzima. Haulizi jina la kampuni. Hugeuza koti ndani nje akasoma mishono. Huvuta zipu juu na chini mara nyingi hadi mchuuzi aanze kumkazia macho. Kisha huweka kitambaa mdomoni akapuliza: pumzi ikipenya, upepo nao utapenya. Hutia tone la maji begani mwa koti, akaendelea kuzungumzia bei na mchuuzi, na baada ya muda hurudi kulitazama tone kama bado limesimama au limezama. Ya pamba hayanunui. Pamba ikilowa hushika maji na kuupoza mwili. Sufu na poliesta hukauka upesi. Suruali ya jinzi kwake ni nguo ya harusini.

Kwenye viatu huwa mkali zaidi. Buti la mitumba linaweza kung'aa juu huku nyayo zimekufa ndani, kwa kuwa ule mpira laini wa katikati huoza kwa unyevu hata kiatu kikiwa kimekaa bila kuvaliwa. Huubonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukibonyea na kurudi, ni sawa. Ukimeguka kama mkate wa jana, huurudisha rafuni hata kama bei ni ya bure. Kiatu kilichofaulu huvaliwa darasani, sokoni na shambani kwa wiki kadhaa, pamoja na soksi zile zile za safari, hadi kiufahamu mguu. Kucha za miguu hukatwa siku chache kabla ya kuondoka, wala si usiku ule, ili zisichomechome. Vijana hucheka wanapoambiwa hivyo. Wakishashuka kutoka Lenana, kila hatua ikisukuma vidole mbele ya buti, hawacheki tena.

Afya huangaliwa mapema vivyo hivyo. Kaunti za kando ya ziwa zina malaria ya mwaka mzima, na kijana anaweza kuondoka Suna mzima huku vimelea vimeshaingia mwilini. Siku chache baadaye, kwenye mita 4,000, kichwa kikimuuma na akatapika, nani atajua kama ni mlima au ni mbu wa nyumbani? Dalili zinafanana mno. Kwa hiyo wiki za mwisho hakuna anayelala nje ya chandarua, mwenye homa yoyote hupimwa zahanati, na ndani ya mkoba wa dawa huwemo vipimo vya haraka vya malaria pamoja na plasta, bendeji, paracetamol na chumvi za kuongeza maji mwilini. Majibu yawe yoyote, aliyezidiwa mlimani huteremshwa kwanza, maswali baadaye.

Kisha inakuja siku ya kufunga. Mkeka hutandikwa sebuleni, vitu vyote vikapangwa juu yake kwa kufuata zile saa: vya basi, vya njiani, vya mvua, vya usiku, vya kileleni. Mwalimu huazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa rafiki anayenunua samaki ufukweni Sori, ile ile inayopimia mbuta, akaitundika kwenye boriti ya baraza. Kila fungu hupimwa peke yake na uzito wake kuandikwa kwa chaki sakafuni. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba taulo lake lina uzito kuliko chakula chake cha siku nzima. Taulo hubaki, leso hushika nafasi yake, maana leso hukausha mwili, hufunika shingo, huwa mto, huwa tanzi la mkono uliovunjika.

Tabaka la kwanza ndani ya begi ni kinga ya maji. Zamani watu walifungia kila kitu katika mifuko myepesi ya plastiki ya sokoni, lakini Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Mwalimu hutumia ule mfuko mzito wa nailoni unaokaa ndani ya gunia la mbolea. Huuosha mara kadhaa, akauanika, kisha akaujaza hewa na kuukumbatia akisikiliza. Ukitoa mluzi, una tundu. Usiotoa mluzi hutandikwa ndani ya begi, na mdomo wake huviringishwa kwa juu kazi ikiisha.

Chini kabisa huenda vya usiku: mfuko wa kulalia na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana kwa sababu yoyote. Mfuko wa kulalia haukunjwi. Hushindiliwa kwa ngumi, konzi kwa konzi, uingie kila pembe ya begi, kwa maana pembe tupu ndiyo inayofanya begi kulegea na kuyumba.

Katikati, ukigusana na mgongo, huenda uzito: unga, mchele, jiko la gesi, sufuria. Sufuria haisafiri tupu hata siku moja. Ndani yake hulala majani chai, chumvi, kiberiti ndani ya kopo, na kijiko. Mtungi wa gesi hukaa chini ya chakula, usiwe juu yake. Sababu ya kuuleta uzito karibu na uti wa mgongo ni ya kimaumbile: kilo tano zilizo mbali na mgongo huvuta mabega nyuma, mwili hujibu kwa kuinama mbele, na mapaja hulipa deni hilo kutwa nzima. Njia ikiwa nzuri, uzito hupandishwa hadi kati ya mabega. Njia ikiwa ya mawe na kuparamia, kama miinuko ya Gwassi, hushushwa kidogo ili mtu asipinduke.

Nje ya uzito huzunguka vyepesi, sweta na kofia. Juu kabisa hukaa koti la mvua na mkoba wa dawa, kwa kuwa mvua na damu hazisubiri. Chupa mbili hukaa ubavuni, moja kila upande, na mwalimu hufundisha kunywa kwa zamu, mafunda machache ya kulia kisha ya kushoto, ili begi lisielemee upande mmoja kadiri siku inavyokwenda. Hema hufungwa nje, chini ya begi, kwa kamba ya wavuvi na kwa fundo linaloshika likilowa na kufunguka kwa mvuto mmoja. Fundo hilo hufungwa na kufunguliwa macho yakiwa yamefumbwa.

Begi likijaa, mwalimu hulinyanyua na kulitikisa karibu na sikio. Likigonga, kuna kitu kimelegea, na hufunguliwa upya. Kisha humvika kijana: mkanda wa kiunoni kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ya mabegani. Mabega hushikilia begi lisianguke. Kazi ya kubeba ni ya nyonga na miguu.

Jaribio la mwisho hufanywa usiku. Taa huzimwa, glovu huvaliwa, mwalimu husimama mlangoni akiita. "Koti la mvua!" Yanasikika mapapaso, kisha mchakacho wa kitambaa. "Tochi!" "Plasta!" Anayekosa haadhibiwi. Hufungua begi lake na kulifunga tena, na wenzake humngoja.

Orodha ya chakula nayo hutungwa kutoka juu. Kwenye mita 4,200 maji huchemka karibu na nyuzi 86 badala ya 100, na moto ukiongezwa hayapandi tena, yanapungua tu. Nyoyo, yale mahindi na maharagwe ambayo Suna yote huyapenda, yatakula gesi yote yakiwa bado magumu. Kwa hiyo juu huenda vinavyoiva upesi: uji wa wimbi, wali, omena waliokaangwa wakakauka kabisa na kutiwa chumvi, chai yenye sukari ya kutosha. Siku ya kwanza pekee ndiyo yenye anasa, viazi vitamu vya Kabondo vilivyochemshwa nyumbani, vizito lakini huliwa kabla njia haijawa ngumu. Mwalimu husema kizito kiliwe kwanza, na vijana hawajawahi kulipinga hilo.

Uzito wa jumla huamuliwa na kanuni moja, na nyuma yake kuna akina mama wa huku. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na kundi la wanasayansi, miongoni mwao G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipima pumzi za wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Waliona kwamba wanawake hao huweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu: chini ya mzigo, mwendo wao huhifadhi vizuri zaidi nguvu za hatua moja na kuzipeleka katika hatua inayofuata.

Ukisimama ufukweni Sori asubuhi utaziona namba hizo zikitembea. Muuza omena huzungusha leso ikawa ngata, huiweka utosini, huinama kwa magoti wala si kwa kiuno, mwenzake humsaidia kunyanyua karai, na akishasimama shingo haitikisiki tena hadi sokoni. Ujuzi huo huanza utotoni, na begi la mgongoni haliwezi kuuiga. Kwa hiyo mwalimu haahidi ule wepesi. Amechukua kiwango tu. Kijana wa kilo 60 hatazidisha kilo 12, maji yakiwemo. Mizani ya samaki ikionyesha 13, mkeka hutandikwa tena.

Hadithi anayopenda kuwasimulia wakiwa mkekani ni ya wafungwa wa kivita. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki wakaupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Walijitayarisha kwa miezi. Nyundo ziligeuzwa shoka za barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya buti, katani ya vitanda ikawa kamba, chakula kikawekwa akiba kutoka katika posho zao. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walisimamisha bendera Lenana. Kilichowatesa ni chakula, kikawaishia wakiwa bado mlimani. Vijana husifu ushujaa. Mwalimu husifu kamba ya katani, kisha huwauliza kama wao wamehesabu siku ya akiba.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niuheshimu ufundi huu kuliko ustadi wa mikono peke yake. Kwa muda mrefu Afrika Mashariki imefungiwa mizigo na watu wasioibeba. Katika misafara ya karne ya 19 mpagazi alibeba hadi frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na mbele zaidi. Wapagazi wenyewe ndio waliobuni namna ya kujipunguzia taabu: marobota ya vitambaa yalibanwa kwa vijiti virefu vyenye panda, ili mpagazi akipumzika aliegemeze robota mtini badala ya kulilaza chini na kuhangaika kulinyanyua tena. Leo Kilimanjaro kiwango ni kilo 20 za mzigo wa mgeni na kambi, na mizigo hupimwa malangoni. Tangu 2003 uko Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro unaofuatilia malipo, mavazi na uzito wao. Kiwango kimewekwa kwa sababu mwenye begi, akishajua kuna mtu wa kulibeba, huacha kuuliza kitu ni cha saa ngapi.

Kwa hiyo kijana wa mwalimu, hata kama atamkodi mpagazi Nanyuki, lazima kwanza alibebe begi lake lote Gwassi, kuanzia ziwani hadi juu, bila kusaidiwa. Wengi wakirudi hulifungua wenyewe kabla ya kuambiwa, wakatoa kitabu kinene, viatu vya pili, sabuni nzima. Pawabenki hutolewa na kurudishwa, hutolewa tena. Mwalimu huketi barazani na chaki yake akiandika uzito mpya, haingilii. Akiona mtu anasitasita humwambia tu kwamba kilo inayobaki Suna haimchoshi mtu yeyote.